Kuacha si Kutelekeza: Mahame, Ngitili na Historia ya Ardhi Usukumani

Katika nchi ya Usukuma nyumba ya udongo isiyo na mtu haidumu. Paa la nyasi huoza, mvua za masika hulainisha kuta, na baada ya misimu michache kinachobaki ni kichuguu cha udongo, mafiga, na kipande cha jiwe la kusagia. Ua wa minyaa hauanguki. Matawi yake ya kijani yasiyo na majani, yenye utomvu mweupe unaochoma macho, huendelea kuzunguka uwanja usio na kaya, na ndani ya duara hilo udongo ni mweusi kuliko wa mashamba ya jirani, kwa kuwa miaka mingi ulipokea samadi ya zizi na majivu ya jiko. Wasukuma huyaita mahame hayo matongo, na mkulima anayejua kazi yake huyatafuta: mahindi yakioteshwa hapo hustawi hata mwaka ambao luseni, ule udongo wa kichanga wa miinukoni, haujatoa kitu. Ofisa anayepita na ramani huona mahali palipotupwa, lakini kwa mwenyeji pale ni mahali palipoachwa ili pafae tena. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya ardhi ya Usukuma, kwa zaidi ya miaka mia moja, ni historia ya mgongano kati ya macho hayo mawili, na kwamba kila mara serikali ilipoichukua ardhi iliyoachwa kuwa ardhi iliyotelekezwa, ilichangia kuzaa utelekezaji wa kweli.

Mwamanyili ni mahali pazuri pa kuanzia. Leo ni kata ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu; kabla ya mwaka 2012, mkoa huo ulipoundwa, eneo hili lilikuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza. Upande wa magharibi kuna Ziwa Viktoria na Ghuba ya Speke. Upande wa mashariki, mwendo usio mrefu, unafika kwenye mpaka wa Hifadhi ya Serengeti. Katikati kuna ukanda wa ardhi wenye sura ile ile inayojirudia kote Usukumani: vilima vya mawe, chini yake luseni, kisha itogolo, udongo mgumu unaopasua jembe, na mwisho mbuga yenye udongo mweusi unaonasa miguu ya ng'ombe wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kaya ya zamani haikutegemea aina moja ya udongo. Viazi vitamu na uwele vililimwa juu, mtama chini kidogo, na mpunga ulipandwa kwenye majaluba pale maji yalipotuama. Ng'ombe walilishwa itogolo wakati wa masika, wakashushwa mbugani nyasi za juu zilipokwisha. Mpangilio huo ulihitaji nafasi, na zaidi ya nafasi ulihitaji ruhusa ya kutotumia: sehemu fulani ipumzike mwaka huu ili iwepo mwaka kesho kutwa. Shamba la luseni lililochoka liliachwa liote nyasi na vichaka, na kaya ikasogea. Mwanaanthropolojia wa Sweden, Per Brandström, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1985, aliuliza kama Wasukuma wanaitumia ardhi pungufu au kupita kiasi. Swali lake linagusa kiini cha jambo, kwa sababu mfumo ule ule uliweza kuonekana mvivu na mchoyo kwa wakati mmoja, kutegemea mtazamaji alisimama katika msimu gani.

Uachaji huo ulikuwa na sheria zake. Ardhi iligawiwa na ng'wanangwa, mkuu wa kitongoji aliye chini ya mtemi, na mtu aliilima na kuishi juu yake bila bughudha kwa muda wote aliokuwepo. Akihama, shamba lilirudi mikononi mwa ng'wanangwa, ambaye angeweza kumpa mgeni anayetafuta makao. Hans Cory, aliyekusanya sheria na desturi za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 1953, alikuta kanuni hizi zikiwa hai na zikibishaniwa barazani kama sheria yoyote nyingine. Hapakuwa na ardhi isiyo na mwenyewe. Palikuwa na ardhi ambayo zamu yake ya kutumika haijafika. Hata majina ya mahali yanashuhudia hilo. Mwamanyili, Mwamapalala, Mwandoya, na mengine mengi ya mkoa huu yanaanza na kiambishi kinachoashiria makao ya fulani, na jina hilo lilidumu hata baada ya watu wapya kuingia. Kuhama kulikuwa na maana ya kisiasa pia. Mtemi alipata nguvu kutokana na watu waliolima na kupigana chini yake, na watu walipochoshwa na ukali au uchoyo wake walikusanya ng'ombe na kwenda kwa mtemi mwingine aliyewapokea kwa furaha. Haki ya kuondoka ilikuwa breki juu ya utawala, mahali ambapo hapakuwa na sanduku la kura.

Mgongano ulianza na karatasi. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Wajerumani ilitoa amri iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Amri ilitaja kulinda ardhi za wenyeji, lakini kipimo cha umiliki kilikuwa matumizi yanayoonekana. Shamba lenye mtama lilihesabiwa, ila vichaka vilivyokuwa vikirudisha rutuba baada ya miaka ya kulimwa havikuwa na wa kuvisemea. Wakati huo huo nchi ilikuwa imepigwa na pigo ambalo lingemdanganya mtazamaji yeyote. Sotoka ilikuwa imeingia Afrika Mashariki miaka ya mwanzo ya 1890 na kufagia ng'ombe na wanyama wa porini. Njaa na ndui vikafuata. Mahali ambapo watu na mifugo walipungua, vichaka viliota, na vichaka vilileta mbung'o. Wazungu waliofika baada ya hapo waliona pori na wakadhani ndivyo nchi ilivyokuwa tangu mwanzo. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Afrika kwa miaka mingi, alipinga dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1971: alionyesha kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na njia zao za kuishi na mdudu huyo, kwa kukaa kwa makundi, kulima, na kulisha kwa mpangilio, na kwamba msukosuko wa mwisho wa karne ya 19 ndio uliovunja uwiano huo. Helge Kjekshus aliipanua hoja hiyo kwa Tanganyika nzima mwaka 1977. Wapo wanahistoria waliosema kwamba Kjekshus aliipamba mno Tanganyika ya kabla ya ukoloni, na wana haki katika mengi. Vita na njaa vilikuwepo kabla ya Mjerumani. Hata hivyo hoja ya msingi haidondoki: pori ambalo serikali ililikuta lilikuwa, kwa sehemu kubwa, jeraha la karibuni.

Waingereza waliirithi dhana ya ardhi isiyo na mwenyewe na kuipa ofisi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliweka ardhi yote ya Tanganyika, inayokaliwa na isiyokaliwa, chini ya mamlaka ya Gavana. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, na katika miaka ya 1920 maelfu ya watu waliitwa na watemi wao, Makwaia wa Usiha akiwa miongoni mwa waliovuma zaidi, kwenda kufyeka vichaka kwa mashoka. Kazi hiyo ilizaa matunda: nchi ilifunguka, na Wasukuma wakasambaa, wengine kuelekea Geita, wengine mashariki kuelekea Maswa, Bariadi na Meatu. Ukweli huu unapaswa kusemwa, kwa kuwa unaonyesha kwamba watu hawakupinga serikali kila ilipogusa ardhi. Walishiriki pale mpango ulipowapa walichokijua na kukihitaji, yaani mahali papya pa kusogea ili pa zamani papumzike.

Mambo yaligeuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947 na kuwa na makao yake Malya, ulisimama juu ya hesabu: watu wangapi, ng'ombe wangapi, ekari ngapi kwa kila kaya. Wataalamu waliogopa mmomonyoko wa udongo, na hofu yao haikuwa ya uongo. Makorongo yalionekana wazi katika Kwimba. Ila dawa waliyoiandika ilikuwa ya kumfunga mtu mahali. Mkulima aliamriwa kulima kwa matuta yaliyokingwa, kupanda ekari kadhaa za zao fulani, kupunguza mifugo, na kuomba kibali kabla ya kuhamisha ng'ombe. Asiyetii alitozwa faini katika baraza la mtemi wake mwenyewe. Papo hapo serikali ilihimiza pamba kwa nguvu zote. Pamba inadai shamba kila mwaka, na kwa kuwa fedha zake zilinunua ng'ombe zaidi, ilikula nafasi pande zote mbili: ekari za kupumzika zikawa ekari za kulima, na mifugo ikaongezeka juu ya malisho yaliyobaki. Serikali ililaumu tabia ya Msukuma kwa uchovu wa ardhi ambao sera yake ya zao la biashara ilikuwa inauongeza. Haishangazi kwamba upinzani wa kisiasa uliota mizizi hapa mapema. Vyama vya wakulima wa pamba vilivyoongozwa na Paul Bomani vilikua kwa kasi, na TANU ilipojihusisha na malalamiko ya kanuni za kilimo na mifugo ilipigwa marufuku Usukumani kuanzia mwishoni mwa mwaka 1954 hadi 1958. Mtemi naye, aliyekuwa ametumwa kutoza faini, alipoteza heshima ambayo haki ya kuhama ilikuwa imemlazimisha kuitunza. Mamlaka ya watemi yalipofutwa mwaka 1963, wengi hawakuyalilia. Pamoja nao aliondoka ng'wanangwa, aliyekuwa akijua ni shamba lipi limelala na kwa nini.

Uhuru haukubadilisha macho ya ofisi. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Katika Mwanza na Shinyanga operesheni ilipamba moto mwaka 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja ndani ya minyaa yake, zilihamishiwa kwenye mistari kando ya barabara. Nyumba nyingi zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Usukuma, matongo yalizaliwa yote kwa siku moja. Hapa ndipo tofauti kati ya kuacha na kutelekeza inapoonekana wazi kuliko mahali popote. Kaya iliyohama kwa hiari ilijua inaacha nini, inaenda wapi, na nani atachukua zamu. Kaya iliyohamishwa iliacha samadi ya miaka mingi, miti ya matunda, na eneo la malisho lililotunzwa, bila mtu wa kulirithi, na kwenda kulima udongo usioufahamu, saa nzima ya kutembea kutoka nyumbani. Ng'ombe waliokuwa wametawanyika juu ya maili nyingi walikusanyika kuzunguka kijiji kimoja, na ardhi inayokizunguka ikabaki tupu kama sakafu. Kjekshus, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1977 kuhusu athari hizo za kimazingira, wakati vumbi la operesheni halijatua.

Mtu atasema, na ana haki ya kusema, kwamba vijiji vilileta shule, zahanati na bomba la maji, na kwamba mtoto wa Mwamanyili aliyejifunza kusoma miaka ya 1970 anaidai sera hiyo shukrani. Ni kweli. Elimu ya Msingi kwa Wote isingefika kwa urahisi kwenye kaya zilizoachana kwa mbali, na hakuna haja ya kuifanya historia iwe nyepesi kwa kuficha hilo. Lakini huduma zilihitaji watu wawe karibu na shule. Hazikuhitaji nyumba zichomwe, wala mashamba ya kupumzika yahesabiwe kuwa mapori, wala malisho yaliyotengwa yavunjwe. Ushahidi mzuri ni kile kilichotokea baada ya mbano kulegea. Watu wengi walibaki karibu na barabara, shule na soko kwa hiari yao, huku wengine wakirudi kuishi kwenye mashamba ya zamani. Walichagua wenyewe kipi wachukue na kipi waache, jambo ambalo operesheni haikuwaruhusu kulifanya.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka kwenye ngitili. Hili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, ili ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulima wapate chakula wakati kwingine kumebaki vumbi. Laweza kuwa la kaya moja, la ukoo, au la kijiji kizima. Kwa mgeni aliyefika mwezi Machi, ngitili ni shamba lililosahauliwa, nyasi zimefika kiunoni na hakuna mnyama. Kwa mwenye nalo, kila siku ya kutoliingia ni kazi. Operesheni ya vijiji ilivunja nyingi kati ya hizo, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikisemwa kuwa inaelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi cha HASHI, ukihudumia mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Mwanzoni maofisa walisambaza miche ya miti kutoka vitaluni, mingi ya kigeni, na mingi ilikufa. Mafanikio yalikuja walipokubali kwamba mizizi ya miti ya asili ilikuwa bado hai chini ya ardhi, na kwamba wenyeji walikuwa na desturi ya kuiacha ichipue. Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tathmini zilikuta zimefika zaidi ya hekta 300,000, zikienea katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kuni, asali, nyasi, dawa, mbao na maji yatokanayo na ngitili vilikuwa na thamani ya takriban dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, zaidi ya wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania wakati huo. Mali yote hiyo ilitoka kwenye ardhi ambayo watu walikubaliana kutoigusa.

Pingamizi kubwa zaidi linahusu idadi ya watu. Kuacha ardhi, wanasema wengine, ni anasa ya nchi yenye nafasi. Leo kaya ni nyingi, mashamba yamegawanywa kwa warithi, na Busega imebanwa kati ya ziwa na hifadhi. Aliyepewa ekari tatu hawezi kulaza mbili. Hoja hii ni nzito, na inaua ndoto yoyote ya kurudi kwenye uhamaji wa karne ya 19. Lakini ngitili zenyewe zinaijibu kwa sehemu, kwa kuwa zilirudi wakati idadi ya watu ilikuwa ikipanda. Zinaonyesha kwamba uachaji unaweza kuhama kutoka mahali hadi msimu: pale ambapo huwezi kuacha shamba kwa miaka kumi, unaweza kuacha malisho kwa miezi mitano, au kuacha mizizi ya mti wakati unalima kati yake. Ugumu halisi uko kwenye usawa. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi nyingi hutenga ngitili kubwa. Jirani yake asiye na kitu hukodi nyasi au hukosa. Mwanamke aliyeondoka kwenye ndoa, kwa desturi, hakuondoka na shamba, hivyo haki ya kuacha na kurudi ilikuwa ya wanaume zaidi. Anayetetea desturi hii analazimika kuyataja hayo, kwa sababu desturi inayowaacha nje nusu ya watu haitastahili kulindwa na sheria mpaka ibadilike.

Pingamizi jingine linatoka nje ya Usukuma. Tangu miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Kisukuma wamesogea na ng'ombe wao hadi Rukwa, Usangu, Kilombero, na hatimaye pwani ya kusini, na huko wameshutumiwa kwa kukausha vyanzo vya maji na kukanyaga mashamba ya watu. Mwaka 2006 serikali iliamuru mifugo iondolewe Usangu, kwenye bonde la Ihefu, na mwaka 2008 eneo hilo liliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Je, huu si uthibitisho kwamba kuhama ni kuchafua na kukimbia? Ni uthibitisho wa kile kinachobaki pale kuhama kunapopoteza sheria zake. Mhamaji wa zamani alifika kwa ng'wanangwa, akaomba, akagawiwa, akawa chini ya mtemi wa mahali pale. Mhamaji wa miaka ya 1980 alitoka kwenye nchi ambayo malisho yake yalikuwa yamevunjwa, akavuka mikoa mitano, akafika mahali ambapo hapakuwa na mamlaka iliyokubalika kwa pande zote ya kumwambia akae wapi na aondoke lini. Mkulima wa Mbarali, huko Usangu, aliyepoteza mpunga wake alidhulumiwa kweli, na maelezo ya historia hayamfidii. Yanatusaidia tu kujua chanzo, ili tusidhani kwamba operesheni nyingine ya kuwasukuma watu mbele itamaliza tatizo lililoanzishwa na operesheni.

Sheria imeanza kuelewa, polepole. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi iliyotelekezwa inazungumzia kipindi kisichopungua miaka mitano, na inahesabu kuipumzisha ardhi kuwa miongoni mwa matumizi yake. Ni maneno machache katika sheria ndefu, lakini yanapindua dhana ya mwaka 1895. Tatizo limehamia kwenye utekelezaji. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, kijiji hutengewa maeneo kwa rangi: makazi, kilimo, malisho, msitu, huduma za jamii. Kila rangi inadai kazi yake moja, mwaka mzima, milele. Malisho yanayofungwa kwa miezi mitano huonekana kama eneo la ziada linaloweza kupewa mwekezaji au kugawiwa kwa vijana, na shamba linalopumzika huonekana kama hoja dhidi ya mwenyewe. Halmashauri za Simiyu zinaweza kusahihisha hili bila kusubiri sheria mpya: mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuandika ngitili kwa jina lake, mipaka yake, tarehe za kufungwa na kufunguliwa, na sehemu ya wasio na mifugo katika kuni na nyasi zake; unaweza pia kusajili mashamba yanayopumzika pamoja na majina ya wenyewe, wake kwa waume. Kazi hiyo ilifanywa zamani na kichwa cha ng'wanangwa, na ilikufa alipoondolewa. Leo inahitaji daftari na watu wanaoaminiana kulisoma hadharani, na kijiji kitakachokuwa nalo kitaweza kumwonyesha ofisa yeyote mwenye ramani kwamba sehemu anayoiona tupu ina mwenyewe, ina sababu, na ina tarehe ya kutumika tena.